Wabena Tulitoka Wapi?

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nizungumzie historia ya Wabena, nami nimekubali kwa sababu moja. Katika utumishi wangu nimesikiliza migogoro mingi ya mashamba, na mara nyingi upande mmoja husema: "Sisi ni wenyeji, hao ni wa kuja." Ukiuliza wenyeji tangu lini, kila mzee ana jibu lake. Basi tuitazame historia yenyewe.

Zamani hapakuwa na mfalme mmoja wa Wabena. Palikuwa na koo nyingi, na watwa wengi, kila mmoja na eneo lake, katika nyanda hizi za baridi. Kibena ni lugha ya Kibantu iliyo karibu sana na Kihehe, hata Mbena na Mhehe husikilizana bila mkalimani.

Katikati ya karne ya 19 walifika Wangoni, ambao safari yao ilianzia Afrika Kusini na ambao walivuka mto Zambezi mwaka 1835. Upande wa kaskazini, Munyigumba, mtwa wa Wahehe, naye alikuwa akipanua utawala wake. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi zilikuwa Ubena. Vita kati ya Wahehe na Wangoni vilianza mwaka 1878 na kuendelea hadi 1882. Wabena wengi walichukuliwa mateka hadi Songea, na wajukuu wao leo ni Wangoni. Wengine walikwisha teremka bonde la Kilombero wakaanzisha utawala wao huko.

Kisha wakaja Wajerumani. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilianguka mwaka 1894. Katika Vita vya Maji Maji, mwezi Septemba 1905, wapiganaji wa mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, hapa Njombe. Lakini mtwa Kiwanga, Mbena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani. Jina moja, pande mbili! Majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba, na katika nchi yote ya kusini njaa iliua watu wengi kuliko risasi.

Wakati wa Waingereza, sheria ya mwaka 1926 iliwapa watwa wachache mamlaka juu ya koo nyingi. Kodi nayo iliwasukuma wanaume kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko mtu wa Lupembe na mtu wa Wanging'ombe walijikuta wanaitwa kwa jina moja. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati Njombe, na baadhi wakapata kibarua karibu na nyumbani.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya machifu yalifutwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikapita Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya. Wakinga wakaja na maduka, Wahehe na Wanyakyusa wakaja, na mji ukakua. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Njombe, wenye Wabena, Wakinga, Wapangwa na wengine.

Ndugu zangu, katika safari yote hii sikuona wakati ambapo watu walikaa bila kuhama, kupokea au kupokewa. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana. Sheria ya ardhi ina njia zake za kuamua mgogoro, lakini asiwepo kati yetu atakayeitumia historia kumfukuza jirani.

Kwenu wanafunzi nina ombi. Likizo hii kila mmoja amwulize babu au bibi maswali mawili: ukoo wetu ulitoka wapi, na ulipofika ulipokewa na nani? Swali la pili ndilo tunalolisahau. Andikeni majibu katika daftari, na madaftari hayo yawekwe katika maktaba ya shule. Wazee wetu wanapungua kila mwaka.