Nani Aulizwe Juu ya Moto na Mafuriko?

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Magongo)



Nchi yetu ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, na mwaka 2021 ukaanzishwa mpango wa taifa wa kupeleka fedha za kazi hiyo katika kaunti hata mashinani. Masharti yake yataka hatari zipimwe kwanza, na wananchi washiriki katika kuzipima. Neno hilo “washiriki” ndilo lililonisimamisha hapa. Mara nyingi huitwa wazee na viongozi wa vyama, wakanywa chai, wakatia sahihi, wakaenda zao.

Hayo hayatoshi. Aijuaye saa maji yaingiapo chumbani ni mpangaji wa bondeni. Vijana wa bodaboda ndio wajuao kichochoro kisichopitika na gari la zimamoto. Mama auzaye viazi karai ajua upepo wa kaskazi hurusha cheche upande gani.

Tukumbuke yaliyotokea mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka katika bomba, ikaingia mferejini, ikapita kati ya vibanda, ikashika moto. Wakafa watu wapatao 100. Nasi tusisahau kwamba bomba liendalo Nairobi mwanzo wake ni huku kwetu Changamwe. Basi mfereji si jambo la mvua tu. Ukizibwa huleta mafuriko wakati wa masika. Ukiwa wazi waweza kuchukua moto. Mpimaji wa mafuriko na mpimaji wa moto wakija siku mbalimbali, kila mmoja ataondoka na nusu ya habari.

Liko neno zito zaidi, nami nalisema kwa heshima. Wengi katika chama hiki wana nyumba za kupangisha. Chumba kimoja kikiongezwa uani, ukuta husogea, na njia ya maji hubaki nyembamba kama mkanda. Wenye nyumba wakiulizwa peke yao, ukuta huo hautaandikwa. Na mpangaji hawezi kuutaja mbele ya mwenye nyumba wake, maana aogopa kuhamishwa. Kwa hiyo wapangaji waulizwe peke yao, na wanawake vilevile, bila kuandikwa majina. Kisha ramani moja ya moto na maji ibandikwe hadharani, kila mtu aione na kuisahihisha.

Naomba mkutano huu uchague watu sita, watatu wawe wapangaji, wazunguke mitaa yetu na daftari kabla ya masika, na daftari hilo lipelekwe kwa maofisa wa kaunti. Na mwenye nyumba atakayeuona ukuta wake katika ramani, tafadhali, asiulize nani aliyesema.