Kujaza Mapengo katika Vipimo vya Mnururisho wa Jua



Mwenye kushika daftari la vipimo vya jua hana budi kukutana na safu zisizo na tarakimu, ama kwa kuwa umeme ulikatika, ama kioo cha piranomita, yaani kifaa kipimacho mnururisho, kilishika vumbi na chumvi ya pwani hata vipimo vyake vikafutwa, ama waya ulitafunwa na panya. Na jambo la kwanza nipendalo kuliweka mbele ya baraza hili ni kwamba pengo si sifuri. Sifuri ni habari kamili, na mwenye kuichanganya na ukosefu wa habari huharibu wastani wa mwezi mzima pasi na kujua. Usiku peke yake ndio ambao sifuri yake haina shaka.

Kabla ya kuuliza tujaze nini, yafaa tuulize kwa nini hapakuandikwa kitu. Panya hachagui siku, kwa hiyo siku zilizosalia zaweza kuishuhudia kwa haki ile iliyopotea. Lakini umeme aghalabu hukatika wakati wa masika, upepo unapoangusha matawi juu ya nyaya, yaani siku zile zile za mawingu. Basi atakayejaza kwa wastani wa siku zilizosalimika atakuwa ameukopesha mwezi wa Aprili jua usilokuwa nalo, na fundi atakayekadiria betri za zahanati kwa hesabu hiyo ataziweka chache kuliko haja.

Kwa pengo la saa chache, wengi hupiga mstari ulionyoka tangu kipimo cha kabla hadi cha baada. Ikiwa kifaa kilinyamaza tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku isiyo na mawingu, ncha zote mbili hukaribia kulingana, na mstari huo utakikata kilele chote cha adhuhuri. Iliyo bora ni kugawanya kwanza kila kipimo kwa mnururisho uliofika juu ya angahewa saa hiyo, ambao hukokotolewa kwa latitudo, tarehe na saa, kwa kuanzia wati 1361 hivi kwa mita ya mraba. Nisba ipatikanayo ndiyo inayostahili kuunganishwa kwa mstari, kisha izidishwe irudi kuwa wati. (Na saa iwe ya jua, si ya ukutani: Dar es Salaam, kwa wastani wa mwaka, adhuhuri ya jua huja kama dakika 23 baada ya saa sita.)

Pengo la siku kadhaa lataka shahidi mwingine. Kituo chenye tufe la kioo la Campbell na Stokes, linalochoma alama juu ya kadi jua liwakapo, kina hazina, kwani Ångström mwaka 1924, na Prescott baada yake mwaka 1940, walionyesha namna ya kupata mnururisho wa siku kutokana na saa za jua kali. Vigawo vya kanuni yao, 0.25 na 0.50, ni vya kutumiwa pasipo vya kituo chenyewe. Mwenye vipimo vya nyuma na avikokotoe vyake. Setilaiti nazo husaidia, illa zilinganishwe kwanza na siku zilizopimwa, mwezi kwa mwezi.

Kila tarakimu iliyojazwa ipewe alama yake daftarini, pamoja na njia iliyotumika. Ama masika nzima iliyopotea bila shahidi yeyote, rai yangu ni kwamba iachwe wazi.