Kasino Ndogo Eldoret: Pesa za Nani Mezani?



Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji, na tangu hapo wenye mitaji wanautazama mji huu kwa jicho jingine. Nataka tuzungumze juu ya kasino kabla ombi la leseni halijafika, kwa maana likishafika huwa limefuatana na mawakili.

Mamlaka yapo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kushughulikia kamari na kasino, sambamba na leseni za pombe. Udhibiti wa kitaifa ni wa serikali kuu, chini ya sheria mpya ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ya sheria tuyaache hapo. Wala sikuja kuhubiri. Mtaa wetu huu wa Munyaka una makanisa ya kutosha. Swali langu ni la hesabu: huyu anayekaa mezani katoka wapi?

Tuanze na meza yenyewe. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Tuseme umeweka shilingi 100 kwenye kila namba, jumla 3,700. Namba moja lazima ishinde: utalipwa 3,500 na kurudishiwa mia yako, yaani 3,600. Mia moja imebaki kwa mwenye kasino, na hakuna aliyekudanganya. Zungusha tena, mia nyingine. Usiku ukiwa mrefu, hahitaji mkosi wako. Anahitaji tu usiondoke.

Kwa hiyo kasino haizalishi pesa. Inazihamisha. Mji unaofaidika ni ule ambao pesa zimeingia na mgeni, zikabaki mgeni alipoondoka. Monaco walilijua hilo zamani: raia wa Monaco haruhusiwi kucheza katika kasino ya Monte Carlo iliyoutajirisha mji wao.

Bath, mji wa kale wa Uingereza wenye mabafu ya Kirumi, una kisa kinachotufaa zaidi. Katika karne ya 18 matajiri walikwenda huko kuoga, kucheza dansi na kucheza kamari, chini ya Richard Nash, msimamizi wa sherehe aliyekuwa na mgawo wake wa siri kwenye meza. Sheria za 1739 na 1745 zilipobana michezo ile, mapato ya Nash yakaporomoka, akafa maskini mwaka 1761. Miaka mingi baadaye, sheria ya Uingereza ya 2005 ikaruhusu kasino ndogo nane nchi nzima, na Bath ikapata nafasi moja. Kasino ikafunguliwa 2018. Korona ilipokuja 2020 ikafungwa, na kampuni ikaachana nayo. Miaka miwili tu! Mji wenye watalii wa kumwaga.

Kwetu mfano ni Malindi, ambako kasino ilisimama Barabara ya Lamu ikiwategemea wageni, hasa Waitaliano. Lakini mgeni huja kwa hiari yake. Baada ya shambulio la kigaidi la Mpeketoni, Lamu, mwaka 2014, utalii wa pwani ulizorota, hoteli zikafungwa, wafanyakazi wakarudi makwao.

Sasa Eldoret. Wageni wetu ni akina nani? Mgonjwa aliyeletwa Hospitali ya Rufaa ya Moi kutoka Turkana au Bungoma, na ndugu zake wanaolala kwenye viti. Wanafunzi. Madereva wa malori ya Malaba. Mzungu aliyekuja Iten kufanya mazoezi, ambaye saa tatu usiku kashalala kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani anakimbia. Hakuna hata mmoja hapo wa kuijaza meza.

Wa kuijaza ni sisi. Na pesa za kaunti yetu ya Uasin Gishu zina tabia yake: haziji kidogokidogo kila mwezi, zinakuja kwa mkupuo. Mkulima anauza mahindi baada ya mavuno, anapokea kwa siku moja kazi ya mwaka mzima, na ndani yake mna mbolea ya msimu ujao na karo ya Januari. Mshindi wa marathon ya Boston siku hizi hupokea dola 150,000 kwa asubuhi moja. Mengi ya majengo mnayoyaona mjini yamejengwa kwa miguu ya wanariadha, na ni pesa hizo hasa ambazo meza ingependa kukutana nazo kabla fundi hajachimba msingi.

Najua kijana wa nyuma pale ananiuliza kimoyomoyo: si tunabeti kwenye simu kila siku? Hoja nzuri. Kampuni ya kubeti kwa simu haiachi kitu Eldoret, ilhali kasino ingeajiri walinzi, wapishi na wachanganya karata, na kulipa ada ya kaunti. Hiyo ndiyo hoja bora ya mwekezaji. Lakini zikumbukeni zile mashine kutoka China zilizojaa vibandani, zikimeza sarafu za shilingi 20 za watoto wa shule, hadi serikali ilipozikusanya na kuzichoma. Nazo zilikuwa karibu na nyumbani, nazo zilimlipa mwenye kibanda.

Ombi likija, kaunti imwekee mwekezaji sharti la Singapore: tangu 2010 mwenyeji alilipa dola 100 za nchi ile kuingia kasino, na 2019 zikawa 150, mgeni huingia bure. Kama kweli anawategemea wageni, sharti hilo halitamuuma. Na kwa kuwa Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, kikao kifanyike humu mtaani, jioni, wenye bodaboda wakiwa wameegesha, si saa nne asubuhi hotelini mjini.