Usaili wa Kazi ya Michezo ya Kompyuta
(Mazungumzo yaliyotolewa katika ziara ya wanafunzi wa zamani, Songo Mnara)



Nimeombwa niseme machache juu ya usaili wa kijana anayetaka kazi ya kuandika programu katika kampuni ya michezo ya kompyuta. Wazee wengi huuliza kama hiyo ni kazi. Ni kazi. Mwaka 2009 Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti Arts, wakatengeneza michezo yenye mashujaa wa Kiafrika.

Mimi nimekaa pande zote mbili za meza ya usaili. Msaili haulizi sana kama unapenda michezo. Kila kijana anaipenda. Anataka kuona ulichokitengeneza. Leo tumezunguka magofu ya mji huu, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Hatuna cheti cha fundi hata mmoja aliyejenga nyumba hizi za matumbawe, lakini kazi yao tumeiona kwa macho.

Basi kijana wa hapa aanze na nini? Aanze na bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Aifundishe kompyuta sheria zote: kunamua, kula, kutakata, nyumba. Atagundua kwamba sheria alizozijua tangu utotoni zina mambo ambayo hakuna aliyepata kumweleza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Je, isipoangukia shimo tupu kamwe? Wataalamu wameonyesha kwamba bao lina mizunguko isiyokwisha. Binadamu atachoka, kompyuta haichoki, itazunguka tu na mchezo utaganda. Lazima mwandishi wa programu aweke kikomo, na aeleze kwa nini amekiweka hapo.

Lipo pia suala la muda. Michezo mingi huchora picha mara 60 kwa sekunde. Msaili atauliza: kompyuta ifikirie hatua ngapi mbele bila picha kukwama? Hapo kijana asikae kimya akitafuta jibu zuri. Aseme anavyofikiri, ajaribu kwenye karatasi, aulize asichokielewa. Msaili hawezi kumpa alama kwa mawazo aliyoyaficha kichwani.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna watoto na wapwa wanaokesha kwenye michezo hii. Kabla ya kumkemea kijana, muulize: wewe umetengeneza upi? Akikuonyesha bao lake, kaa ucheze naye, umtafutie kasoro bila huruma. Na kama hana kompyuta, sisi tulio kazini tusishindwe kumpatia moja iliyotumika. Kijana atakayeweza kuwaeleza wazee barazani kwa nini kompyuta yake imelala, ataweza kumweleza msaili wa mji wowote.