Kazi ya Wiki 13
Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama na wakuu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Nawashukuruni kwa heshima mliyonipa ya kusema siku hii ya furaha. Mimi si mkulima kwa kazi yangu, lakini ni mtoto wa mkulima, na ada zangu za shule zililipwa kwa kahawa ya maganda. Kazi yangu ni ya hospitali, tena hospitali za mbali, huko Marekani. Kamati imenitaka niwaelezeni kazi hiyo ilivyo, kwa kuwa vijana wengi wanaiuliza, na wazazi wengi hapa wana watoto walioajiriwa ugenini kwa mikataba mifupi. Nimekubali kwa moyo, maana nimeona kwamba mengi niliyofundishwa na kazi hiyo ninyi mliyajua zamani.

Kwanza niseme kazi yenyewe. Mimi ni fundi sanifu wa endoskopi. Endoskopu ni bomba jembamba lipindikalo, lenye taa na kamera nchani. Daktari hulipitisha kinywani kutazama umio na tumbo, au kwa njia ya chini kutazama utumbo mpana. Chombo cha kwanza kilichopindika kwa nyuzi za kioo kilifanyizwa Chuo Kikuu cha Michigan. Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikimeza yeye mwenyewe mwaka 1957 kabla ya kukitumia kwa mgonjwa. Leo chombo cha namna hiyo huonyesha kidonda, huchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, huzuia damu, na hukata vinyama vya utumbo kabla havijageuka saratani. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kinga huko Marekani lilishauri watu waanze kupimwa saratani ya utumbo mpana wakiwa na umri wa miaka 45, badala ya 50 kama ilivyokuwa. Wagonjwa wakaongezeka kuliko mafundi, na hiyo ni sababu moja ya hospitali kutafuta watu wa muda.

Fundi husimama kando ya daktari. Humpa koleo na nyaya, hupokea kile kipande cha nyama, hukitia katika chupa ya formalini na kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa ni la mgonjwa yule yule. Lakini kazi yake kubwa haionekani na mgonjwa, nayo ni usafi wa chombo. Kabla chombo hakijatoka chumbani, hupanguswa nje, na maji yenye sabuni huvutwa katika njia zake za ndani ili uchafu usikauke. Kisha hujazwa hewa na kuzamishwa majini kutazama kama kimetoboka, kama mtu atazamavyo mpira wa baiskeli. Halafu huoshwa kwa mkono, na kila njia hupitishwa brashi. Husuuzwa, hukaguliwa, hutiwa katika dawa kali ya kuulia vijidudu kwa dakika zilizoamriwa, husuuzwa tena, hukaushwa kwa hewa, na hutundikwa kabatini. Hapana hatua ya kurukwa, kwa sababu dawa haiui kilichofunikwa na uchafu. Kahawa mbichi iliyofichwa katikati ya gunia hujulikana ghalani. Uchafu uliofichwa ndani ya endoskopu hujulikana mgonjwa akisha kuumia.

Wala jambo hili si la kubuni. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya aina moja ya endoskopu, ile itumikayo kufikia mfereji wa nyongo. Katika hospitali kadhaa wagonjwa walikuwa wameambukizwa bakteria wasiosikia dawa, na baadhi yao walikufa. Ilionekana kwamba umbo la ncha ya chombo lilikuwa gumu kusafishika, hata kwa mtu aliyefuata maagizo. Basi mwajua sasa jinsi mikono ya fundi inavyobeba uhai wa mtu asiyemjua.

Sasa nije kwenye mkataba. Mkataba wa kawaida wa fundi msafiri ni wa wiki 13. Wiki hizo zikiisha, huongezewa muda, au hufunga mizigo na kwenda mji mwingine. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mgeni hupewa jembe siku ya kwanza, au ya pili akibahatika. Kila hospitali ina mashine zake, kabati zake na desturi zake, na fundi hutakiwa kuzijua upesi kama mwenyeji. Usiku huweza kuitwa kwa ajili ya mgonjwa atapikaye damu, naye hana budi kufika kwa muda uliowekwa.

Faida ipo, nami sitaificha. Malipo mara nyingi huzidi yale ya fundi wa kudumu, na mtu huona njia nyingi za kufanya kazi. Lakini tazameni malipo hayo hupangwaje. Hospitali haimlipi fundi, humlipa wakala. Wakala huondoa sehemu yake, ndipo fundi hulipwa iliyobaki. Mara nyingi fundi haambiwi hospitali imelipa kiasi gani. Yeye huambiwa bei moja tu, naye akikataa yuko mwingine atakayekubali, asiyemjua wala hawajapata kuonana.

Ninyi wa mkoa huu mnaijua butura. Mnamjua mwenye shida ya ada au ya matibabu anayeuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ya mwenye fedha. Mnunuzi anajua bei ya soko, na mwuzaji anajua shida yake tu. Mimi nimesimama mbele ya mkataba katika hali hiyo hiyo, nikiuza wiki 13 za mikono yangu kabla sijazifanya. Sisemi kwamba mawakala wote ni wabaya; wako waaminifu. Nasema kwamba mtu aliye peke yake, asiyeijua bei, ni mnyonge hata mbele ya mtu mwema.

Tena mkataba unaweza kuvunjwa. Usipokuwa na sharti la saa zilizohakikishwa, wagonjwa wakipungua fundi hurudishwa nyumbani bila malipo ya siku ile, na kodi ya nyumba hairudi nyuma. Tarehe 18 Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, serikali ya Marekani ilizishauri hospitali ziahirishe upasuaji na vipimo visivyo vya haraka. Vyumba vingi vya endoskopi vikawa kimya. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki 7. Ulikatwa kwa ujumbe wa mistari mitatu. Siitaji hospitali ile, maana sheria ya mkataba iliwaruhusu. Hilo ndilo neno lenyewe: iliwaruhusu wao, nami haikunipa kitu.

Liko na jambo la kodi. Malipo ya fundi msafiri huwa mafungu mawili: mshahara wa saa, unaokatwa kodi, na posho ya nyumba na chakula, isiyokatwa. Lakini msamaha ule ni wa mtu mwenye makao yake mahali pengine, anayeyagharimia hasa, naye yuko kazini kwa muda tu. Kazi ya mahali pamoja ikitazamiwa kupita mwaka 1, msamaha huondoka. Kijana asiye na makao mengine, akiipokea posho ile kana kwamba ni fedha isiyo na kodi, aweza kudaiwa baadaye fedha ambazo zimekwisha kujenga nyumba huku kijijini.

Wazazi wangu, nawaombeni mliweke hilo moyoni. Mtoto akikaa mwezi mmoja au miwili bila kutuma kitu, msiseme upesi kwamba amewasahau. Huenda yu katikati ya mikataba miwili, kama ninyi mlivyo katikati ya misimu miwili. Na ninyi vijana, jueni kwamba mkataba huu kwa kawaida hupewa mtu ambaye tayari anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, mwenye ujuzi na vyeti vyake. Wakala wa kweli hupata sehemu yake katika malipo ya hospitali. Akija mtu kijijini akitaka mwuze ng'ombe ili awapelekeni, mfungieni mlango.

Basi sherehe hii ina maana gani kwangu? Huko Bronx, New York, mwaka 1985, kilianzishwa chama kiitwacho Cooperative Home Care Associates. Ni cha watu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani, nao wafanyakazi wenyewe waweza kuwa wenye chama na kuchagua wajumbe wake. Hata katika nchi yenye utajiri wote ule, wenye mikono mitupu waliona dawa ya unyonge ni ile mliyoiona ninyi: kuuza kwa pamoja, na kujua bei pamoja.

Kwa hiyo nasema na wakuu wa chama, kwa heshima. Nguvu ya ushirika si ghala wala lori. Nguvu yake ni kwamba mkulima huiona mizani, huisoma stakabadhi, huijua bei iliyopatikana mnadani na kila shilingi iliyokatwa. Siku chama kitakapoficha hesabu hizo, mwanachama atakuwa kama mimi mbele ya wakala, na butura itarudi ikivaa kofia ya ushirika. Bandikeni bei ukutani katika kila chama cha msingi. Imarisheni akiba na mikopo, ili mtu mwenye mgonjwa asilazimike kuuza maua ya mti.

Na wanachama nasema nanyi: chombo kisiposafishwa kila siku huua, hata kama ni kizuri. Hudhurieni mikutano, ulizeni hesabu, chagueni waaminifu, wala msiruke hatua. Miaka 10 ni heshima kubwa. Nawatakieni mingine 10, na mingine baada ya hiyo.