Diski ya Kompyuta Inapoficha Ubovu Wake

Fundi yeyote wa kompyuta amewahi kuletewa mashine iliyokuwa nzima jana, na leo daftari la chama halifunguki. Mwenyewe huapa kwamba haikuwahi kusumbua. Husema kweli, kwa kuwa diski huficha ubovu wake.

Ndani ya diski kuu mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Kazi zetu huandikwa katika vijisehemu viitwavyo sekta. Za zamani zilibeba baiti 512. Nyingi za sasa hubeba 4,096. Kila sekta ina tarakimu za ziada za kukagua kosa na, likiwa dogo, kulisahihisha papo hapo.

Hata diski mpya hutoka kiwandani na kasoro. Katika miaka ya 1980 orodha ya kasoro ilibandikwa juu ya diski, na fundi akaiingiza kwa mkono. Siku hizi orodha imo ndani, pamoja na sekta za akiba ambazo mwenye kompyuta hazioni. Baadaye sekta nyingine huharibika: kompyuta imeangushwa ikiwa inafanya kazi, au stima imepotea katikati ya kuandika.

Diski ikishindwa kusoma sekta, hurudia tena na tena. Ndiyo maana kompyuta huganda. Ikifaulu, inaweza kuhamishia maandishi kwenye akiba, wala hakuna anayejua. Isipofaulu, huitia alama na kusubiri. Hapa wengi hukosea. Sekta ya akiba huingia kazini pale kitu kipya kinapoandikwa mahali hapo. Nafasi imepatikana, lakini majina na michango iliyokuwamo hairudi.

Kwa bahati nzuri diski nyingi huweka hesabu ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, na zipo programu za bure za kuisoma. Si hesabu ya kupuuzwa. Watafiti wa Google walichunguza zaidi ya diski 100,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007: diski iliyohamisha sekta kwa mara ya kwanza ilikuwa na uwezekano zaidi ya mara 14 wa kufa ndani ya siku 60, ikilinganishwa na ambayo haijahamisha. Nyingine ziliendelea kufanya kazi, lakini mweka hazina hawezi kubahatisha pesa za watu.

Kwa hiyo nakili kwanza, ukarabati baadaye. Programu ya kurekebisha hupitia diski nzima, na diski dhaifu inaweza kufia njiani. Nakala moja ikae nyumba nyingine.

Na anayenunua kompyuta ya mtumba aombe kuona hesabu hiyo kabla ya kulipa. Muuzaji anaweza kufomati diski ikaonekana mpya. Hesabu ya sekta zilizohamishwa haifutiki kwa kufomati.