Njia za Maji ni Barabara za Umma



Katika visiwa vya Ukerewe na Ukara, maji ndiyo barabara. Mgonjwa, mwalimu, mitihani ya shule na gunia la muhogo, vyote hupita ziwani. Kwa hiyo swali la nani aendeshe meli na vivuko, na kwa fedha gani, si la wakuu wa bandari peke yao. Ni la taifa zima.

Funzo limekwisha kupatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Vyombo vyote viwili vilikuwa mali ya umma. Ni dhahiri kwamba kumiliki hakutoshi. Hapana budi umma ukisimamie kile unachokimiliki.

Wapo wasemao kwamba kila kivuko kijitegemee kwa nauli. Hoja hiyo inavutia, lakini ina hatari. Chombo kinachotakiwa kuishi kwa nauli ya mkulima hushawishika kujaza watu kupita kiasi na kuahirisha matengenezo. Wala mwananchi wa bara hatakiwi kulipia peke yake lami anayoikanyaga: barabara zilipewa Mfuko wake kwa sheria ya mwaka 1998, unaotegemea hasa tozo ya mafuta. Mwananchi wa kisiwani naye anastahili haki iyo hiyo.

Basi mzigo ugawanywe kwa haki. Nauli ilipie mafuta na mishahara ya mabaharia. Shehena ya wafanyabiashara itozwe ushuru unaolingana na faida yake. Gati, maboya, ukaguzi na uokoaji vigharimiwe na Hazina, na fungu la matengenezo lisiguswe kwa shughuli nyingine. Mkaguzi asiwe chini ya mwendeshaji, na awe na uwezo wa kukizuia chombo kisiondoke. Kadhalika, hesabu za kila kivuko zibandikwe gatini, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na wasafiri wa huko wamepumzika na foleni ya kivuko. Watu wa Ukara bado wanangoja chombo. Wajibu wa taifa ni kuhakikisha kwamba kinafika, na kwamba kinafika salama.